Swali la Mara ya Tatu

Halvor Stensrud alikataa wakili mara mbili, na mara zote mbili alikataa kwa adabu.

Hakimu, mtu wa sauti ya upole aliyehamia Minnesota kutoka Arizona, alikuwa amemsomea mashtaka neno kwa neno: kwamba yeye, mpeleka barua wa serikali ya shirikisho kwa miaka thelathini na mmoja, alizizuia kwa makusudi barua ishirini na saba alizokabidhiwa azifikishe. Adhabu yake, alisema hakimu, yaweza kufika miaka mitano gerezani. Kisha aliiweka karatasi mezani, akamtazama kwa juu ya miwani.

"Bwana Stensrud, mahakama inaweza kukupatia wakili bila wewe kugharamika. Tukupatie?"

"Ah, hapana, mheshimiwa. Nisiwasumbue."

"Si usumbufu. Ni haki yako. Una hakika hutaki?"

"Wapo wenye shida kubwa kuliko yangu. Mimi niko sawa tu."

Hapo Halvor alinyamaza, kofia kifuani, akingoja kama angojavyo mgeni aliyekwisha kukataa kahawa mara mbili na huku analiona birika likifuka mvuke. Kwao, kando ya Ziwa Vang, kati ya wajukuu wa Wanorwei waliolima pale tangu enzi za babu zao, kukubali kitu mara ya kwanza ni ulafi, na mara ya pili ni pupa. Mara ya tatu ndipo mtu aliyelelewa akalelewa husema, "Haya, kama haikupi taabu."

Hakimu hakuuliza mara ya tatu. Aliandika neno moja, akampa siku kumi atafute wakili wake mwenyewe, akaita kesi nyingine.

"Enhe?" Verna, mkewe, alimuuliza walipofika kwenye gari. "Wamekupa wakili?"

"Nilikataa mara mbili."

"Na mara ya tatu?"

"Hakuuliza."

Verna aliuvuta mkanda wa kiti hadi ukalia. "Halvor, yule mtu katoka Arizona! Kule ukikataa kahawa wanaimwaga!"

Halvor aliwasha gari. Akitiwa hatiani, asingepiga kura, asingebaki karani wa kitongoji, wala asingeshika bunduki mwezi Novemba kulungu wanapotoka msituni. Hata hivyo, hayo yote hayakumchoma kama neno moja, mhalifu, ambalo karani wa mahakama angeliandika mbele ya jina la Stensrud, jina ambalo halikuwahi kuandikwa mahali popote ila kanisani, shuleni na kwenye sanduku la barua.

Naam, alikuwa amezizuia. Hilo hakulikana hata siku moja, na ndilo lililokuwa tatizo lake la kwanza.

Inga Mae Rudlang na dada yake Petra waliishi pande mbili za ziwa, na hawakuwa wamesemezana tangu mama yao alipozikwa. Walikuwa wamegombea mti wa kusukumia chapati. Mama yao aliutumia kila Desemba kusukuma lefse, zile chapati nyembamba za viazi ambazo bila hizo Krismasi ya Ziwa Vang haitimii; naye Petra aliuchukua siku ya mazishi, akidai aliahidiwa. Basi Jumamosi ambayo hasira ilimpanda, Inga Mae alikuwa akikaa na kalamu, akimwandikia dada yake yale ambayo mtu huyawaza usiku na kuyasahau asubuhi, akibandika stempu, akiinua kibendera chekundu cha sanduku lake, ishara kwa mpeleka barua kwamba ipo ya kuchukuliwa. Halvor alikuwa akiichukua. Jumatatu alikuwa akisimamisha gari pale pale, akiteremsha kioo.

"Inga Mae, ile ya Jumamosi, iende?"

"Iende! Sikubandika stempu?"

"Kweli iende?"

"Halvor, nimekwambia nini?"

"Iende hivyo hivyo ilivyo?"

Hapo Inga Mae alikuwa akitazama theluji, au nyasi, kwa kadiri ya majira. "Basi… labda ipumzike kidogo."

Halvor alikuwa akiipumzisha. Hakuwahi kufungua hata moja. Alizipanga kwa tarehe katika kopo la bati la biskuti, akazifunga kwa mpira, na kopo lilikaa juu ya kabati la jikoni kwa majira mawili ya baridi. Kwa desturi yao hilo halikuwa jambo la ajabu. Jirani mwema ni yule anayekukumbusha kwamba umekasirika, kisha akajifanya hakukuona.

Ikawa mwezi wa pili wa mwaka huu, Inga Mae alipeleka malalamiko kwa wakubwa wa posta: barua yake moja, ya Desemba, haikufika. Hakumtaja mtu. Wapelelezi wawili waliovaa makoti mepesi yasiyofaa kwa baridi ile walifika kwa Halvor. Walimwambia kwa uungwana kwamba halazimiki kusema lolote. Halvor alidhani wanamsitiri aibu, na kwa kuwa uungwana hulipwa kwa uungwana, aliwakaribisha, Verna akakata keki ya matofaha, naye akajibu yote aliyoulizwa. Walipouliza zilipo barua, alipanda kiti mwenyewe, akawateremshia kopo.

Sasa, siku ya kwanza kati ya zile kumi, alimwendea wakili wa ajali za magari ambaye picha yake ya tangazo, kubwa kuliko ghala, ilikuwa imetundikwa kando ya barabara kuu pamoja na mbwa mwenye meno. Brock Vandersloot alimpokea kwa mikono yote miwili.

"Pole sana, mzee wangu. Nani amekugonga?"

"Hakuna aliyenigonga."

"Basi umemgonga nani?"

"Sijamgonga mtu. Nimezuia barua."

Uso wa Vandersloot ulififia kama taa iliyoishiwa mafuta. "Barua. Za nani, za kampuni ya malori?"

"Za Inga Mae."

"Inga Mae ana lori?"

"Ana baiskeli."

Vandersloot alimsindikiza mpaka mlangoni kwa huruma ya kweli. "Mzee, siku ukigongwa," alisema, "usimwendee mwingine."

Siku ya nne alimwendea Kendall, mtoto wa binamu yake, aliyekuwa akiandika wosia na hati za mashamba juu ya duka la mbegu. Halvor alimheshimu Kendall kwa sababu moja: hakuwa mtu wa kujidai.

"Mjomba," Kendall alisema, "mahakama ya shirikisho mimi naijua kwa nje. Niliwahi kuegesha gari pale. Ukinichukua mimi, utakuwa somo langu la kwanza, na sitaki nijifunzie kwenye miaka mitano yako."

"Basi nani?"

"Siku ile mahakamani, hukumwona mama mmoja wa viatu vyekundu, kakaa nyuma anatafuna mbegu za alizeti?"

"Nilimwona. Nilidhani kaja kupata joto."

"Yule ni Milena Prebich, wakili wa utetezi wa umma. Yule ndiye uliyemkataa."

Halvor aliona masikio yanamwaka moto.

"Ila jiandae," Kendall aliongeza. "Yule ni mtoto wa migodini, kaskazini. Kule hawazungukizunguki."

Milena Prebich alikuwa mwanamke mnene wa miaka hamsini, na ofisi yake ilijaa majalada hadi kwenye kiti cha wageni. Halvor alipoonekana mlangoni, hakunyanyuka.

"Ala! Bwana Nisiwasumbue. Ingia."

"Sikutaka kukukatiza, mama."

"Umeshanikatiza. Hamisha hayo majalada, ukae." Alitema ganda la mbegu kwenye kikombe. "Umekuja kutaka nikutetee?"

"Nilikuwa napita tu karibu, nikasema labda, kama huna shughuli nyingi, ingawa naona unazo…"

"Bwana Stensrud. Kwetu chakula kikitengwa, watu wanakula. Nilikaa kwenye benchi lile siku nzima nikisubiri useme ndiyo, ukanikataa mbele ya watu kama posa mbaya. Sasa nakuuliza mara moja, sirudii. Nikutetee?"

Kulikuwa na saa ya ukutani, na Halvor aliisikia. Katika umri wake wote hakuwahi kukubali kitu kikubwa kwa kuulizwa mara moja. Hata siku ya harusi mchungaji alilazimika kurudia swali. Alihisi kama mtu anayevuliwa koti hadharani.

"Ndiyo," alisema.

"Umeona? Hujafa." Milena alivuta karatasi. "Nitamwandikia hakimu leo hii aniteue; kwa kuwa mshahara wako umesimamishwa, hatakataa. Haya. Wale wapelelezi, uliongea nao?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mpaka keki ikaisha."

"Ilikuwa keki kubwa?"

"Ilikuwa ya Verna."

Milena aliweka paji la uso juu ya meza. Aliposema tena, sauti ilitoka chini ya nywele. "Kuanzia leo, mtu yeyote wa serikali akikuuliza hata saa, mwambie wakili wako ndiye mwenye saa."

Juma lililofuata, Milena akiwa ameteuliwa, jalada la upande wa mashtaka lilifika. Alimwita Halvor, akamsukumia taarifa ya wapelelezi.

"Tatizo letu liko ukurasa wa tatu," alisema. "Mwenye kutuma barua ana haki ya kuirudisha kabla haijafika. Kama Inga Mae alikubali zikae, hatuna kesi. Lakini wamemuuliza, naye amekana. Soma."

Halvor alisoma kwa kidole, kama asomavyo anwani. *Aliulizwa: Je, ulimruhusu Bw. Stensrud kuzuia barua zako? Alijibu: Hapana. Aliulizwa tena kama ana hakika. Alijibu: Hapana, sikumruhusu. Mahojiano yakafungwa.* Alirudia mstari wa mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili, alicheka.

"Kinakuchekesha nini?"

"Wamemuuliza mara mbili tu."

"Kwani walitakiwa kumuuliza mara ngapi?"

Halvor alimweleza. Milena alisikiliza, mbegu imesimama kati ya vidole. Kisha akasema taratibu, "Mama mkwe wangu ni mtu wa huku. Krismasi ya kwanza nilipikiwa, nikaambiwa karibu, nikala. Miaka ishirini na mbili ananitazama kama mwizi. Kumbe!"

"Ulikula mara ya kwanza?"

"Nilikula na kuongeza."

Halvor, kwa heshima, alitazama dirishani.

Kwa kuwa mshtakiwa haruhusiwi kuongea na shahidi, ilibidi Milena aende kwa Inga Mae mwenyewe, na ilibidi afundishwe. Halvor alimfundisha kwa ukali aliokuwa akiwafundishia wapeleka barua wapya. Akifika, azungumzie barabara. Akipewa kahawa, akatae. Akipewa tena, akatae. Akipewa ya tatu, aseme "nusu kikombe tu", na anywe kizima. Keki vivyo hivyo. Kipande cha mwisho kwenye sahani asikiguse hata nyumba ikiwaka. Ndipo aulize, na akikanushiwa mara mbili, asifunge daftari.

"Na hivi viatu," alimalizia, "vua mlangoni."

Milena alimpigia simu jioni ile ile.

"Saa tatu, Halvor! Saa tatu nzima nimekaa, kipande kimoja cha keki kinaniangalia na mimi nakiangalia. Nikamuuliza, hapana. Nikamuuliza, hapana. Nikanyamaza, nikaangalia ziwa. Nikamuuliza tena. Unajua kasemaje?"

"Kasemaje?"

"'Huenda niliitikia kwa kichwa.' Mara ngapi, bibi? 'Mara ishirini na sita.' Ameandika na kutia saini." Milena alivuta pumzi, na sauti yake ikabadilika. "Ishirini na sita. Siyo ishirini na saba. Anasema ile ya Desemba hukumuuliza. Ulisahau?"

Halvor alisimama jikoni, simu sikioni. Juu ya kabati palibaki duara safi pasipo vumbi, pale kopo lilipokuwa. Aliikumbuka siku ile vizuri: Jumatatu ya dhoruba, barabara imefungwa, Jumanne yeye amechelewa, na sanduku la Inga Mae limezikwa na theluji. Alikuwa ameitazama bahasha, akaujua mwandiko, akajisemea: *ni yale yale.*

"Sikusahau," alisema.

"Ngoja kwanza usijibu. Nisikilize mimi wakili wako. Wao ndio wanaotakiwa kuthibitisha kwamba ulikusudia. Hawawezi. Ile barua moja, wewe nyamaza tu, nayo itadondoka na zile nyingine. Kunyamaza si uongo."

"Kwetu," Halvor alisema, "kunyamaza ndio uongo wenyewe. Hatuna mwingine."

"Halvor!"

"Zile ishirini na sita nilikuwa nauliza na kujibiwa. Hii ya mwisho niliamua mwenyewe. Nilijiona najua kilichomo. Kazi yangu ilikuwa kupeleka, mama, siyo kujua. Mwambie hivyo huyo mwendesha mashtaka, au niende nimwambie mimi."

Kwenye simu ilisikika mbegu ya alizeti ikipasuliwa.

"Miaka kumi na minane natetea watu," Milena alisema. "Sijapata kuona. Wakili wa bure unamkataa mara mbili, hatia unaipokea mara ya kwanza!"

Walikwenda pamoja. Mwendesha mashtaka, kijana aitwaye Whitcomb mwenye tai iliyonyooka kama rula, alisoma maandishi ya Inga Mae mara moja, kisha mara ya pili kwa mshangao. Halvor alipomweleza habari ya barua ya ishirini na saba, kwa maneno yale yale na bila kuyapunguza, Whitcomb alitazama kwa muda barua ile ikiwa ndani ya mfuko wa ushahidi, ikiwa bado imefungwa.

"Kwa nini unaniambia? Nisingejua kwamba ulikusudia," aliuliza.

"Ndiyo maana," Halvor alijibu.

Yaliyofuata yalikuwa ya mawakili, na yalichukua majuma matano. Mashtaka ishirini na sita yalifutwa. Lile moja lilisimamishwa kwa mwaka: Halvor akikaa bila kosa, litafutwa nalo, na hakuna karani atakayeandika neno lile mbele ya jina la Stensrud. Kwa upande wake atastaafu mara moja, na hatashika tena barua ya serikali. Halvor alitia saini. Hakuona ameonewa. Mtu aliyevunja sheria ya kazi aliyoipenda haachiwi kazi hiyo, naye angemshangaa Whitcomb kama angemwachia.

"Kuna kitu kimoja," Milena alisema huku akifungua mkoba. "Ile barua ya Desemba imerudishwa kwa mwenyewe, na mwenyewe amekataa kuipokea. Inga Mae kasema, 'Stempu nilishalipia. Aipeleke yeye.' Nimeuliza, si kazi ya posta tena, ni mtu na jirani yake. Unaruhusiwa." Alimkabidhi bahasha yenye ndege mwekundu wa Krismasi kwenye stempu. "Sikumuuliza mara tatu. Alivyosema, haikuhitaji."

Ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa tano. Petra Rudlang alifungua mlango akiwa amevaa aproni, mwanamke mrefu, kidevu kama cha dada yake.

"Umechelewa," alisema alipoiona stempu ya Krismasi.

"Kidogo."

Aliipasua bahasha kwa kidole, akasoma amesimama. Ilikuwa fupi. Kwa namna alivyoikamata, mkono mmoja juu ya mwingine, Halvor alijua kwamba haikuwa yale yale hata kidogo.

"Ananiambia niende Jumamosi tusukume lefse," Petra alisema. "Niende na mti wa mama. Na anasema," alikohoa, "anasema amekosa."

"Hilo sikulijua. Nami nimekosa, Petra."

"Jumamosi ya Desemba hiyo."

"Leo nayo ni Jumamosi."

"Nani anapika lefse mwezi wa tano? Watu watacheka."

"Gari langu lile pale. Nikupeleke?"

"Hapana, usijisumbue."

"Njia ni ile ile. Nikupeleke?"

"Nina nguo za kukunja, Halvor. Siku nyingine."

Petra alishika kitasa, lakini mlango hakuufunga. Halvor alibaki pale pale ngazini, kofia kifuani. Alimkumbuka yule hakimu wa Arizona, mtu mwema kabisa, alivyoinamisha kichwa na kuandika neno moja.

"Petra," alisema, "nikupeleke?"

Petra aliirudisha barua ndani ya bahasha yake, taratibu, kwa mikunjo ile ile.

"Haya," alisema, "kama haikupi taabu." Akanyoosha mkono nyuma ya mlango, na mti wa kusukumia, umefungwa vizuri kwa kitambaa cheupe, ulikuwa pale umesimama, kana kwamba ulikuwa ukingoja pale siku nyingi.

Walikuwa wamelizunguka ziwa nusu Petra aliposema tena, macho mbele. "Huwa anaziunguza lefse upande wa pili, yule. Tangu utotoni. Hilo lakini usimfikishie."

"Mimi sifikishi tena kitu," Halvor alisema. "Nimestaafu."